Dereva Aliyesalimia Magurudumu Kwanza

Akija nyumbani kwangu asubuhi, Dereva hakuanza na hodi. Alianza na gari. Nikiwa jikoni nilisikia kofi moja, pa, kiganja kwenye mpira, kisha hatua nne tano, kisha kofi la pili. Akimaliza la nne ndipo sauti ilikuja: "Hodi humu." Wakati huo mimi nimeshafika mlangoni nimekunja uso, maana mtu mzima anayesalimia magurudumu kabla ya watu anastahili kusutwa.

"Shikamoo, Mjomba. Magurudumu yameitikia?"

"Marahaba, Mama Rehema. Matatu yameitikia vizuri. Hili la nyuma kushoto limeitikia kwa mkato."

Hakuwa mjomba wangu wa damu. Mama yangu alimwita kaka, basi mimi nikamwita mjomba, na hesabu ya udugu ikaishia hapo. Watu wengine wote wa mtaa wetu wa Masasi walimwita Dereva, hata baada ya kustaafu malori ya korosho, hata msikitini. Madereva walikuwa wengi, lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno, mtoto wa darasa la kwanza angekupeleka hadi mlangoni kwake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipojaliwa kununua kigari changu, cha mtumba kutoka Japani, nilijifunza kukiendesha kwa Dereva huyo huyo, na nikaweza. Ndanda nilikwenda peke yangu, Nanganga nilikwenda, Lukuledi nilikwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mlima wa Newala ndio ulionishinda. Nikiona kona ya kwanza na bonde lilivyokaa chini yake, niligeuza gari nikarudi. Na mama yangu anaishi huko juu. Kwa hiyo kila Jumamosi ya pili Dereva alishika usukani, mimi nikakaa kushoto kwake, tukapanda kwenda kumwona mama.

Hakutaka malipo, na nilipojaribu kumpa alinuna hadi Ijumaa. Alichotaka ni kukaa pale, kwenye kiti kile, na ufunguo mkononi. Hakikuwepo kitu kingine alichokiogopa duniani zaidi ya siku ya kunyang'anywa ufunguo. Wanawe walishaanza kunong'ona kwamba baba amezeeka, apumzike. Yeye alikuwa na jibu lake, na aliniambia kila safari kabla ya kuwasha gari:

"Sikiliza, Mama Rehema. Siku taa itawaka hapa mbele yangu nami nisiione, mnishushe. Msinionee haya. Lakini kabla ya siku hiyo, mniache."

Alisema hayo huku akicheka. Ufunguo aliubana hivyo hivyo kwenye kiganja.

Taa aliyoisema ilikuwa taa ya upepo. Kwa asiyeijua, ni kitaa cha manjano kwenye dashibodi kinachowaka tairi likipungua upepo, umbo lake ni la chungu kilichokatwa katikati, na ndani ya chungu mna alama ya mshangao. Malori yake ya zamani hayakuwa nayo. Alikutana nayo uzeeni, kwenye kigari changu, na akaipenda kuliko vitu vyote vilivyomo mle ndani, redio ikiwemo. Alisema kwa miaka yote aliyoendesha alikuwa akiyauliza magurudumu kwa kiganja, na sasa amepata gari ambalo magurudumu yake yanajibu bila kuulizwa.

Ilipowaka mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nje ya shule. Nilishtuka nikampigia simu aliyeniuzia gari. Akanielekeza nitafute kitufe kidogo chini ya usukani, nikibonyeze na kukishikilia mpaka taa ipepese. Nikabonyeza, taa ikapepesa, ikazimika. Nikarudi nyumbani najiona fundi mkuu, nikampitia Dereva kibarazani kwake nimsimulie.

"Ulipima upepo kabla ya kubonyeza?"

"Mjomba, nimekwambia taa imezimika."

"Mimi nimekuuliza upepo. Wewe unanijibu taa."

Alinyanyuka, akapiga makofi yake manne, akarudi ameshika kiuno. Gurudumu moja lilikuwa limelegea hata mimi nililiona nilipoonyeshwa.

"Mwalimu mzima! Kile kitufe si cha kuzimia taa. Ukikibonyeza unaiambia gari, hivi tulivyo leo ndivyo tunavyotakiwa kuwa. Nayo gari inakuamini, haina mtu mwingine wa kumwamini. Sasa umeifundisha uongo. Tairi likizidi kulegea itanyamaza, maana mwalimu wake kasema ni sawa. Mtoto akifanya hivi darasani kwako unampa nini?"

"Kosa," nikasema.

"Basi jipe."

Nilijipa. Kesho yake alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, alinifundisha upya kwa utaratibu ambao hakuwahi kuuvunja. Alitoa mfukoni geji yake ya kupimia upepo, imefungwa kwenye leso kama yai. Akanifungulia mlango wa dereva akanionyesha kibandiko kwenye fremu ya mlango, chenye kipimo cha upepo wa mbele na wa nyuma. Nikamwuliza kwa nini tusitumie namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe. Akaguna. Ile, akasema, ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, na hakuna mtu anayelishwa mpaka mwisho wa uvumilivu wake. Tukapima yote manne, na spea tairi kwenye buti, kwa kuwa spea inasahaulika mpaka siku ya kulia. Tukajaza. Ndipo akaniambia niweke ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, nisipige injini, nibonyeze kitufe nikishikilie. Taa ilipoanza kupepesa taratibu alihesabu kwa sauti huku akigonga dashibodi kwa kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Achia. Sasa inajua ukweli."

Siku zote alihesabu kwa sauti, hata akiwa peke yake ndani ya gari. Majirani walizoea. Rehema wangu alipokuwa mdogo alikuwa akijibu kutoka ndani ya nyumba, "Nne!", na Dereva anafoka, "Hakuna nne!"

Alinifundisha pia kusoma tabia ya ile taa. Ikiwaka na kutulia, tairi linaomba upepo. Ikipepesa muda mrefu ndipo itulie, basi tairi huenda ni zima, ila kile kidude kidogo cha kupimia kilichomo ndani ya rimu kimeishiwa betri au kimekufa, na hapo hata ubonyeze kitufe mpaka kidole kiote sugu hupati kitu. Jambo ambalo hakulivumilia ni papara. Ukifika kwake na gari limetoka safari, matairi ya moto, ukataka apime, alikukalisha kwenye benchi. "Lilale kwanza," alisema. Tairi la moto linajidai limeshiba. Nimewaona watu na shughuli zao wamekalishwa pale kibarazani wakinyweshwa chai ya tangawizi ya mkewe, wanatazama saa, wanamlaani kimoyomoyo.

Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara mwenye gari kubwa jeupe. Dereva alipoingiza kichwa ndani ya gari hilo aliona kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, kimebandikwa kwenye dashibodi. Akauliza ni cha nini. Yule bwana akacheka, akasema kitaa kilikuwa kinamsumbua macho. Dereva akaubandua ule utepe polepole kwa ukucha, akamshika bwana yule mkono kwa adabu zote, akaubandika juu ya kioo cha saa yake.

"Basi leo hutachelewa popote," akasema. "Kaa, chai inakuja."

Nilidhani tutapigwa. Yule bwana alikaa, akanywa chai, na baadaye akawa analeta gari mwenyewe kila mwezi.

Ukali huo wote, lakini Dereva naye alikuwa na siku yake ya aibu, na kwa sifa yake alikuwa akiisimulia mwenyewe. Ujanani alikuwa mpiga ngoma huko Newala. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa juu ya uwanda mpaka jua lipande, na baridi inaingia kwenye mifupa. Kila tulipolala kwa mama msimu huo, alfajiri taa ya upepo iliwaka, na tukishuka Masasi penye joto ikazimika yenyewe. Mimi nilishasema gari lina mashetani. Yeye aliona ngoma. Asubuhi ya baridi ngozi ya ngoma inalegea, mnaiotesha moto wa nyasi kavu, inakaza, inalia. Upepo ndani ya tairi nao unasinyaa kwa baridi na kuvimba kwa joto. Lililokuwa limepungua kidogo linasema asubuhi, na mchana linanyamaza. Hapo alikuwa sahihi, na mimi hadi leo huwaeleza wenzangu shuleni kwa mfano huo huo.

Kosa lake lilikuwa hatua iliyofuata. Wajukuu wake walikuwa wanatolewa jandoni, akaazima gari langu kubeba ngoma. Alfajiri ya sherehe taa ikawaka. Wazee wenzake walikuwa wamezunguka moto wanakaza ngoma zao. Dereva akatazama moto, akatazama gari. Akalisogeza gari kando ya moto, ubavu huu, kisha akaligeuza ubavu wa pili, kwa uangalifu wa mtu anayechoma mahindi. Akapanda, akaendesha kidogo, taa ikazimika. Wazee wakamshangilia, na mmoja akaomba gari lichezewe ngoma. Aliposhuka mlima taa ikawaka tena, akasema ni baridi ya mlimani. Alipofika Masasi lile la nyuma kushoto lilikuwa limekalia rimu. Lilikuwa na msumari tangu jana yake.

Alinijia kwa miguu, ananuka moshi, akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Mama Rehema, nimeota moto na gari yako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka siku ile, maana alidhani ndiyo siku yake ya kunyang'anywa. Nilipomrudishia ufunguo alinitazama sana, halafu akasema taa ilimwambia kweli mara mbili na mara zote mbili yeye ndiye aliyeitungia sababu. Alama ya moshi iko kwenye bampa hadi leo, na sijakubali ifutwe.

Sasa niseme habari ya macho, maana nimekuwa nikiizunguka. Mtu huyu aliyebandua utepe kwenye gari la mwenzake alikuwa na miwani kwenye mfuko wa shati, aliyonunuliwa na binti yake, na sikumwona akiivaa ila siku ya kupiga picha ya harusi. Nilimwambia twende hospitali ya Ndanda akapimwe, si mbali, nitampeleka mimi. Alijibu kwamba macho yake yanaona mpaka Msumbiji. Na kweli, kila tulipofika Newala alisimama kwenye ukingo ambako uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaanza, ananyoosha kidole: "Ule moshi unauona? Ule uko ng'ambo kabisa." Moshi ulikuwepo, lakini upande mwingine. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake alimpa Rehema, "Nisomee, mikono yangu ina grisi," na mikono ilikuwa mikavu, ametoka kutia udhu.

Nilimwacha. Nilijiambia kwamba masikio yake yanatosha watu wawili, na ni kweli yalikuwa ya ajabu. Alikaa kibarazani akataja gari lipi linapita na ni la nani kabla halijatokeza, na tairi lililolegea alilijua kwa sauti, alisema linalamba barabara badala ya kuikanyaga. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilimwacha kwa sababu akishuka yeye, mlima nitapanda na nani?

Jambo moja zaidi, la nyumbani kwa mama. Newala maji ni shida ya siku zote, na mama ana kikombe chake cha bati na mtungi uliofunikwa kwa sahani. Gari likifika, kikombe cha kwanza ni cha dereva. Si cha mgeni, si cha mkubwa wala mtoto. Aliyewatoa watu mlimani salama ndiye anayekunywa kwanza, ndipo salamu ziendelee. Dereva alikipokea kikombe kile kila Jumamosi ya pili, akakinywa amesimama, na nadhani kilikuwa mshahara wake wote.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya mwezi wa kumi. Korosho zilikuwa zinaokotwa, joto limekaza, hakuna ukungu wala kisingizio cha baridi. Asubuhi alipiga makofi yake manne, magurudumu yote yakaitikia. Akasema maneno yake, siku taa itawaka nisiione mnishushe, akaomba kwa Mungu, tukaondoka. Tulipoanza kupanda, kabla ya zile kona mbaya, chungu cha manjano kikawaka mbele yake.

Nilingoja aseme kitu. Alikuwa anapiga mluzi. Nilimtazama usoni, macho yako barabarani, yametulia. Akakata kona, akapanda, akapiga mluzi ubeti mwingine. Taa iko pale pale, wazi, haikupepesa. Sikuwahi kuichukia taa ile kama siku ile. Nilijua ninachotakiwa kusema, lakini neno moja langu lingemtoa kwenye kile kiti, kwa sharti alilolitamka yeye mwenyewe. Nikajiambia kona moja tu. Kisha nikajiambia moja nyingine. Naona haya kuandika hivi, mwalimu mzima, tena kwenye mlima wa hatari kama ule.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo alipoacha kupiga mluzi. Akainamisha kichwa upande wa dirisha. Akapunguza mwendo, akatafuta mahali papana, akasimama chini ya mikorosho.

"Nyuma kushoto," akasema. "Linalamba."

Tulishuka. Alipiga kofi moja tu, halikuitikia. Msumari ulikuwa katikati kabisa ya tairi. Akabaki amechutama, mkono juu ya mpira, na bila kugeuka akaniuliza:

"Taa imewaka?"

"Imewaka, Mjomba."

"Tangu wapi?"

Ningeweza kusema sasa hivi. Nilifikiria kusema sasa hivi.

"Tangu tulipoanza kupanda. Kabla ya kona ya kwanza."

 Korosho moja ilianguka kwenye majani nyuma yetu na bibo lake. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainama. Alikuwa anacheka.

"Kona zote zile! Na wewe umekaa umebana mdomo kama mwizi wa mabibo. Ulikuwa unanionea haya?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Nilikukataza." Akafuta macho kwa leso ya geji. "Lakini asante."

Akaingia kazini. Aliung'oa msumari, akaziba tundu kwa kile kijikamba chenye gundi, na mimi nikajaza upepo kwa pampu ya mguu mpaka jasho likanitoka. Kisha, bila shaka, tukangoja lilale. Mama alipiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi. Tulikaa kivulini tukala mabibo mpaka vinywa vikakaza, naye akanisimulia tena habari ya kuota moto na gari, akiongeza wazee wawili ambao hawakuwepo mara ya kwanza. Jua lilipopunguza makali alishika tairi, likawa limepoa. Akanipa geji nisome. Nikasoma, nikalinganisha na kibandiko mlangoni, nikaongeza kidogo.

Nilipoinua kichwa alikuwa amezunguka gari, amefungua mlango wa kushoto, amekaa kwenye kiti changu. Ufunguo alikuwa ameuacha juu ya kiti cha dereva.

"Mjomba, mimi kona zile siziwezi."

"Kona utaziona wewe. Mimi nitasikiliza. Kaa, usiicheleweshe gari ya watu."

"Gari ni yangu, Mjomba."

"Ndiyo maana."

Nikakaa.  Nikaweka ufunguo, taa za dashibodi zikawaka, nikabonyeza kitufe chini ya usukani nikakishikilia.

"Hesabu," akasema. Alikuwa anatazama nje ya dirisha.

"Moja," nikasema, naye akagonga dashibodi kwa kidole. "Mbili." Akagonga. "Tatu."

"Achia. Sasa inajua ukweli."

Tulipanda. Kila kona alisema kitu, si juu ya barabara bali juu ya sauti: sasa injini inalalamika, ipe gia ya chini, sasa imeridhika, hilo jiwe umelikanyaga bure. Sikutazama bonde hata mara moja. Nilitokwa jasho mpaka mgongo ukaganda kwenye kiti, na tulipotokea juu, penye upepo na barabara iliyonyooka, nilipiga kelele ambayo mwalimu hapaswi kupiga. Dereva alianza tena mluzi wake, ule ubeti alioukatisha.

Kwa mama, alishuka kwanza. Alizunguka gari akapiga makofi yake manne, magurudumu yote yakaitikia. Mama alikuwa ameshatoka na kikombe cha bati kimejaa maji, kwa hatua za taratibu ili yasimwagike, akaenda kwake moja kwa moja kama kawaida.

"Kaka, mmechelewa. Haya, pokea."

Alikipokea. Alikishika kwa mikono miwili, akanizungukia upande wa usukani, ambako nilikuwa bado nimekaa, mikono kwenye usukani.

"Anywe kwanza Dereva, dada," alimwambia mama. "Katutoa mlimani."

Akaninyooshea kikombe, akasubiri ninywe.